Tishu ya ini iliyochapishwa inapogoma: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa maabara zinazochapa tishu ya ini yenye mifereji ya kupitisha midia (maji yenye virutubishi vya seli), kwa utafiti na maandalizi ya upandikizaji kwa wanyama wa majaribio. Umepangwa kwa dalili. Tafuta unachokiona mezani, anza na kisababishi cha kwanza, kisha shuka. Kinachotajwa kwanza ndicho kinachokutwa mara nyingi zaidi.

Namba zote zinafuata muundo mmoja wa kawaida: bloku ya GelMA (gelatini iliyotiwa methakrilati ili igandishwe kwa mwanga) ya asilimia 7 yenye hepatosaiti (seli kuu za ini) milioni 10 kwa mililita, kianzishi cha mwanga LAP cha asilimia 0.25, mfereji mkuu wa kipenyo cha milimita 1 uliochorwa kwa Pluronic F127 (jeli ya muda) ya asilimia 35 kisha ukayeyushwa, utando wa seli za endothelia (zile zinazotanda ndani ya mishipa ya damu) ndani ya mfereji, na pampu inayozungusha midia kutoka kwenye chupa. Jeli iliyochanganywa na seli, tayari kuchapwa, ndiyo tunayoiita wino. Ukitumia kolajeni, fibrini au alginati namba zitabadilika, lakini mpangilio wa ukaguzi ni ule ule.

Sampuli tatu kabla ya kuilaumu printa

"Printa inaua seli" ndilo lalamiko la kwanza, na mara nyingi printa haina kosa. Ama seli zilifika zikiwa hoi, ama zilichapwa salama kisha zikakosa oksijeni usiku kucha. Kila siku ya kuchapa, tenga sehemu ndogo ya seli zile zile na uandae:

1. Seli kwenye sahani iliyopakwa kolajeni, bila jeli yoyote.
2. Seli ndani ya jeli, tone la mikrolita 30 lililowekwa kwa pipeti na kugandishwa kwa mwanga ule ule.
3. Tone kama hilo, ila jeli yake imepita kwanza kwenye nozeli kwa shinikizo la kazi.

Sampuli ya 1 ikiwa mbaya, tatizo ni seli au jinsi zilivyoyeyushwa kutoka kwenye barafu. Ya 1 nzuri na ya 2 mbaya: ni jeli, kianzishi au mwanga. Ya 2 nzuri na ya 3 mbaya: ni nozeli, shinikizo au muda. Zote tatu nzuri lakini bloku inakufa: ni ulishaji, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya 6. Bila sampuli hizi utabadilisha wino, nozeli na midia kwa pamoja, na hata tatizo likiisha hutajua ni nini kilichoponya.

Dalili ya 1: Wino hautoki, au unatoka kwa kukatikakatika

Ukaguzi wa kwanza: weka nozeli mpya na usukume midia tupu. Ikipita vizuri, mfumo wa hewa ni mzima na shida iko kwenye wino.

*Joto la katriji.* GelMA huganda ikipoa na hulainika ikipata joto. Ya asilimia 7 kwa kawaida hutoka vizuri mahali fulani kati ya nyuzi 18 na 24, na kila toleo la kiwandani lina nukta yake. Ikitoka kama maji, ina joto mno. Ikitoka na mabonge na kingo zilizochanika, imeganda kupita kiasi. Usiamini namba ya kwenye skrini peke yake, kwa sababu sensa imefungwa kwenye chuma cha kishikio, haimo ndani ya wino. Iache katriji itulie kwa dakika 20, na mara ya kwanza hakiki kwa kuchomeka kipimajoto chembamba kwenye katriji ya majaribio. Kumbuka pia kwamba sindano ya chuma hutokeza nje ya kishikio. Chumba kikiwa baridi, wino hugandia humo humo kwenye sindano ingawa katriji iko sawa.

*Mabonge ya seli.* Seli zilizokufa humwaga DNA, na DNA hunata. Weka tone chini ya hadubini. Ukiona nyuzi zenye seli zilizong'ang'aniana, chuja seli kwa wavu wa mikromita 70 kabla ya kuzichanganya na jeli, ongeza DNase I (kimeng'enya kinachokata DNA), kisha rudi ukague uyeyushaji.

*Tundu dogo kuliko mzigo.* Nozeli ya G27 ina tundu la mikromita 200 hivi, G25 mikromita 250, G22 mikromita 410. Hepatosaiti moja moja, zenye mikromita 20 hadi 30, hupita kote huko. Vifundo vya seli vya mikromita 150 vitajazana kwenye G27 hata vikipita kimoja kimoja kwenye hesabu zako. Tumia G22 au kubwa zaidi.

*Seli zimezama.* Hepatosaiti ni nzito. Wino ukianza mwepesi na kumalizika mzito, au tabaka za juu zikawa na seli chache kuliko za chini, zimetuama ndani ya katriji. Jaza nusu katriji, chapa ndani ya nusu saa, changanya upya.

*Viputo.* Hewa iliyonaswa hubanwa na kutanuka, hivyo wino huendelea kudondoka hata shinikizo likizimwa. Toa viputo kwenye jeli kabla ya kutia seli, kisha changanya kwa kusukuma taratibu kati ya mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa.

ACHA HAPA: usizibue nozeli yenye seli kwa kupandisha shinikizo. Ikiwa kPa 100 haitoshi, badilisha nozeli. Katriji au nozeli iliyofungwa vibaya huweza kufyatuka, kwa hiyo miwani ya usalama ni lazima.

Dalili ya 2: Umbo linalegea, tabaka zinabonyea

Kisababishi kikubwa ni mwanga usiotosha au usiolingana na kianzishi. LAP hufanya kazi kwa nanomita 405. Irgacure 2959 karibu haisikii mwanga huo kabisa, inataka nanomita 365. Watu hubadilisha taa na kusahau kubadilisha kianzishi, kisha wanaongeza muda wa kumulika hadi seli zinaathirika na jeli bado ni uji.

Pima nguvu ya mwanga pale sahani ilipo, si kwenye mdomo wa taa. Miliwati 20 kwa sentimita mraba kwa sekunde 30 ni mahali pazuri pa kuanzia. Bloku nene isimulikwe upande mmoja tu, maana seli hutawanya mwanga na chini hubaki laini. Gandisha tabaka kwa tabaka za milimita 1 hadi 2, au mulika juu na chini. Uso wa juu ukinata huku ndani kukiwa kugumu, oksijeni ya hewani imezuia mgando. Funika kwa kioo chembamba wakati wa kumulika.

Mwanga ukiwa sawa, angalia toleo la GelMA (kiwango cha methakrilati hutofautiana na hubadilisha ugumu) na umri wa mchanganyiko wa LAP ulioachwa wazi mwangani. Kwa kolajeni, shaka ya kwanza ni pH: inatakiwa 7.2 hadi 7.4, isawazishwe juu ya barafu, na igande kwa nyuzi 37. Kolajeni laini sana huchapwa ndani ya bafu la chembechembe za gelatini, njia ya FRESH iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambapo bafu huyeyuka kwa nyuzi 37 na kuacha umbo. Alginati iliyokuwa imara juzi na leo imelegea haikuchapwa vibaya: fosfati ya kwenye midia imenyonya kalisi yake.

Usitibu ulegevu kwa kuruka hadi GelMA ya asilimia 15. Umbo litasimama wima na picha itapendeza, lakini ini lenye afya ni laini, kPa chache tu. Ndani ya jeli ngumu hepatosaiti hupoteza kazi yake, na seli za endothelia hushindwa kutambaa na kujenga kapilari.

Dalili ya 3: Seli zimekufa ndani ya saa 24

Soma sampuli tatu kwanza. Kisha:

*Uyeyushaji.* Kichupa kiingie kwenye maji ya nyuzi 37 kwa muda usiozidi dakika 2, kitoke kipande kidogo cha barafu kikiwa bado kinaonekana. Mwaga kwenye midia ya vuguvugu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 50 hadi 100 (mara 50 hadi 100 ya mvutano wa dunia). Mazoea ya g 300 yanayofaa seli nyingine hubana hepatosaiti hadi zinapasuka, na huburuta seli zilizokufa chini pamoja na hai. Tumia ncha za pipeti zenye mdomo mpana. Pima kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli mfu tu: hai zikiwa chini ya asilimia 80, usichape. Jeli haifufui.

*Kusubiri.* Hepatosaiti zinazoelea bila kushika kitu huanza kufa. Andaa printa, jeli, faili na taa kwanza, yeyusha seli mwisho. Kutoka kichupani hadi ndani ya jeli isizidi saa 1.

*Mwanga pamoja na midia.* Riboflavini iliyomo kwenye midia, ikikutana na HEPES (kemikali ya kudhibiti pH) chini ya mwanga, huzalisha hidrojeni peroksidi. Ndiyo maana jeli ile ile huua ikichanganywa na midia na haiui ikichanganywa na PBS (maji ya chumvi yenye fosfati). Gandisha kwenye PBS, kisha osha na urudishe midia.

*Msuguano kwenye nozeli.* Hili huja mwisho, ingawa wengi hulianzia. Nozeli ya umbo la koni huhitaji shinikizo dogo kuliko sindano ndefu iliyonyooka yenye tundu lile lile. Badilisha hiyo kabla ya kugusa mapishi ya wino.

Kuna pia kifo ambacho hakipo. Rangi za kutofautisha seli hai na mfu huingia juu juu tu kwenye bloku nene, na hepatosaiti zenyewe hung'aa kidogo bila rangi. Kata vipande vyembamba, weka kipande kisichotiwa rangi pembeni, ndipo uhesabu.

ONYO: kichupa kilichozama kwenye nitrojeni ya maji kinaweza kulipuka kikipata joto. Vaa ngao ya uso. Seli zozote za binadamu zishughulikiwe kana kwamba zina virusi, ndani ya kabati la usalama wa kibaiolojia la daraja la 2.

Dalili ya 4: Mfereji haufunguki

Pluronic huwa ngumu ikiwa na joto na hugeuka maji kwenye nyuzi 4, kinyume kabisa na gelatini inayoyeyuka kwa nyuzi 37. Nusu ya matatizo ya mifereji hutokana na kuchanganya hizi mbili. Ukimwaga GelMA ya moto juu ya mfereji wa gelatini, mfereji unayeyuka kabla jeli haijaganda. Ukiipeleka Pluronic kwenye inkubeta ukitumaini iyeyuke, utasubiri sana.

Kwa Pluronic: poza bloku nzima kwa nyuzi 4 kwa dakika 10 hadi 15, kisha nyonya kutoka upande mmoja kwa bomba la sindano huku upande wa pili ukiwa umeungwa kwenye midia baridi. Nyonya, usisukume. Bomba dogo la mililita 1 huzalisha shinikizo kubwa kuliko mkono unavyohisi, na jeli hupasuka kando ya mfereji. Mpasuko huo hauonekani kwa macho hadi utie rangi.

Isipotoka, sababu kwa mpangilio ni hizi: katikati ya bloku bado kuna joto; nyuzi za Pluronic hazikuungana vizuri kwenye njia panda, kwa hiyo kuna ukuta wa jeli katikati; au mfereji umejibana kwa sababu GelMA imenyonya maji na kuvimba. Kwa njia panda, rudia faili na upishanishe nyuzi kwa angalau nusu ya upana wake. Kwa uvimbe, chora mfereji mpana kidogo kuliko unaoutaka, na upime baada ya saa 24 ndani ya midia, si mara tu baada ya kuchapa.

Kila bloku ipitishwe rangi ya chakula kabla ya kupewa seli za endothelia. Rangi inatakiwa itoke upande wa pili ikiwa na kingo safi. Ikitanda kama wingu mahali pamoja, hapo pamepasuka. Osha mfululizo hadi Pluronic yote iishe, kwa sababu mabaki yake huumiza utando wa seli.

Dalili ya 5: Midia inavuja kwenye maungio

Karibu kila mara ni pale sindano ya kuingizia inapokutana na jeli. Jeli haishiki chuma laini. Tumia mrija wenye ncha iliyopanuka, uzamishe milimita kadhaa ndani, mimina GelMA ya ziada kuuzunguka na kuigandisha. Kama bado inavuja, angalia upande wa kutokea: mrija wa kutokea ukikunjika, shinikizo hurudi nyuma na kutafuta tundu. Gundi za dukani zisikaribie tishu.

Dalili ya 6: Mfereji uko wazi, kingo ziko hai, kiini kinakufa kati ya siku ya 2 na ya 7

Hii ndiyo inayokwamisha maabara nyingi, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ukikata bloku katikati utaona pete ya seli hai kuzunguka mfereji na ganda la seli hai kwa nje. Kati yake, uwanda wa seli mfu. Watu huongeza VEGF (kichochezi cha kuota kwa mishipa), hubadilisha wino, hulaumu seli. Anza na hesabu.

Midia ya nyuzi 37 iliyosawazishwa na hewa hubeba takriban milimoli 0.2 za oksijeni kwa lita. Hepatosaiti milioni moja hula kati ya nanomoli 0.3 na 0.9 kwa sekunde. Ukisukuma mililita 1 kwa dakika, unaingiza nanomoli 200 kwa dakika, ambazo, hata zikitumika hadi tone la mwisho, zinatosha seli milioni 4 hadi 11 tu. Bloku ya sentimita moja ya ujazo ya mfano wetu ina seli milioni 10. Uko ukingoni tangu siku ya kwanza. Ini halisi lina zaidi ya hepatosaiti milioni 100 kwa gramu, na linaziweza kwa sababu damu hubeba oksijeni takriban mara 40 ya midia.

Kisha umbali. Kwa msongamano wa milioni 10 kwa mililita, oksijeni hupenya jeli bapa kwa mikromita 400 hivi. Kwa milioni 100, hupenya mikromita 125 tu. Kuzunguka mfereji wa duara ni pungufu ya hapo, kwa sababu kadiri unavyotoka nje ndivyo tishu ya kulishwa inavyoongezeka. Pima kwa rula ya hadubini upana wa pete hai. Ukikaribiana na makadirio haya, seli zako hazina ugonjwa. Zina njaa ya oksijeni.

Hatua, kwa mpangilio:

1. Hakikisha midia inapita kweli kwenye bloku. Pima kinachotoka kwenye mrija wa kutokea kwa dakika 10 kwa silinda ya kupimia, usisome namba ya pampu. Kisha tia rangi: midia inaweza kuteleza nje, kati ya bloku na ukuta wa chemba, na pampu isijue.
2. Pima oksijeni inapoingia na inapotoka. Inayotoka ikikaribia sifuri, mtiririko hautoshi. Ikitoka nyingi huku kiini kinakufa, mtiririko unatosha ila mifereji imeachana mno. Kipimo hiki kimoja ndicho kinachoamua uende hatua ya 3 au ya 4.
3. Ongeza mtiririko polepole, ukichunga utando wa endothelia (dalili ya 7). Unaweza pia kuongeza oksijeni kwenye chupa ya midia, kwa kiasi na kwa kupima, kwani seli za mlangoni huumia ikizidi.
4. Badilisha mchoro. Mfereji mmoja wa milimita 1 haulishi sentimita moja ya ujazo yenye msongamano wa ini. Ungehitaji angalau mililita 9 hadi 27 kwa dakika kupita humo, na utando mchanga hauwezi kuhimili kasi hiyo. Gawanya mfereji kuwa matawi, umbali kati ya tawi na tawi usizidi mara mbili ya upana wa pete hai uliyoipima.
5. Punguza msongamano wa seli kwa muda, ukijua unanunua uhai kwa bei ya utendaji.

Wanaotaka kapilari zichapwe zenyewe wanapoteza muda. Sinusoidi, yaani kapilari ya ini, ina upana wa mikromita 7 hadi 15, na nozeli ya G30 ni mikromita 150. Printa huchora barabara kuu, vichochoro hujengwa na seli za endothelia zilizochanganywa ndani ya jeli, pamoja na seli za kuzishikiza, kwa siku kadhaa. Katika siku hizo za kusubiri, barabara kuu peke yake ndiyo inayolisha, kwa hiyo mchoro wake utoshe bila kutegemea vichochoro.

Kwamba inawezekana si nadharia. Shindano la NASA la tishu yenye mishipa liliweka sharti la unene wa zaidi ya sentimita 1 na uhai wa asilimia 85 au zaidi kwa siku 30. Mwaka 2021 timu mbili za Wake Forest zilishinda kwa tishu ya ini iliyochapishwa kwa umbo lenye mifereji.

Dalili ya 7: Utando wa endothelia unabanduka, au haukamiliki

*Viputo.* Kiputo kimoja kikipita mfereji mzima hukwangua seli zote njiani, na baadaye utaona mstari mtupu ulionyooka kabisa. Midia iliyotoka kwenye friji ina gesi nyingi ndani yake, ikipata joto huitoa. Ipashe hadi nyuzi 37 ikiwa imelegezwa kifuniko, kwa saa kadhaa, kabla ya kuiunga. Weka mtego wa viputo karibu na mlango wa tishu, baada ya pampu. Kiputo kikishaingia, usikisukume kwa nguvu. Simamisha, inamisha chemba ili kiputo kielee kuelekea mlangoni, kitoe huko.

*Mtiririko umeanzishwa mapema au kwa kasi.* Mkazo kwenye ukuta wa mfereji hupanda kadiri kipenyo kinavyopungua, kwa mchemraba. Mililita 1 kwa dakika ndani ya milimita 1 ni takriban paskali 0.13. Ndani ya mfereji wa nusu milimita ni paskali 1.06, yaani mara nane. Ndiyo maana matawi membamba hubanduka kwanza huku shina likipendeza. Subiri saa kadhaa seli zishike, anza na mililita 0.1 kwa dakika, panda kwa hatua kwa siku 2 au 3.

*Upande mmoja tu umeota.* Seli hulala chini. Jaza mfereji kwa seli milioni 5 hadi 10 kwa mililita, geuza bloku nyuzi 180 baada ya dakika 30, rudia, na kwa matawi geuza robo robo.

*Ukuta haunati.* Mabaki ya Pluronic tena. Rudi dalili ya 4.

Kuthibitisha: pitisha dekstrani (sukari ya molekuli kubwa) yenye rangi ya kung'aa ya kDa 70 na utazame inavyopenya. Kwenye mfereji mtupu huenea haraka, kwenye mfereji uliotandwa hubaki ndani. Tumia bloku isiyo na seli kama kipimo linganishi, vinginevyo picha haina maana.

Dalili ya 8: Seli ziko hai lakini albumini inashuka

Albumini ni protini inayotengenezwa na hepatosaiti. Kwanza hakikisha inashuka. Ukiongeza midia kwenye mzunguko kutoka mililita 10 hadi 40, kiwango kwa mililita kitashuka mara nne bila seli kubadilika. Ripoti mikrogramu kwa seli milioni kwa siku, na uhakikishe kipimo chako cha ELISA (cha kingamwili) ni cha albumini ya binadamu kisichoshika ile ya ng'ombe iliyomo kwenye seramu.

Ikishuka kweli, tazama midia. Midia ya endothelia ina seramu na vichochezi vya ukuaji ambavyo husukuma hepatosaiti kupoteza sura yake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni maridhiano. Ukiwezekana, midia ya endothelia ipite mfereji katika siku za mwanzo tu, kisha uhamie midia ya hepatosaiti yenye deksamethasoni. Tazama pia mirija: PDMS na silikoni nyingine hufyonza molekuli zinazopenda mafuta, dawa unazojaribu zikiwemo. Na tazama aina ya seli. HepG2 (seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara) haina mzunguko kamili wa urea na vimeng'enya vyake vya CYP, vinavyovunja dawa, ni hafifu, kwa hiyo hakuna marekebisho ya wino yatakayoleta kazi hiyo. Hepatosaiti zinazotokana na seli shina zikitoa alfa-fetoproteini nyingi, bado ni changa.

Dalili ya 9: Midia imebadilika rangi au ina ukungu

Njano bila ukungu: yaweza kuwa laktati ya seli zenye njaa ya oksijeni, pima kabla ya kutupa. Njano yenye ukungu, au chembe zinazotembea chini ya hadubini: bakteria. Zima, tia dawa ya klorini, tupa mzunguko wote pamoja na mirija. Usijaribu kuokoa kwa antibiotiki. Mykoplasma haionyeshi ukungu wowote, hivyo pima kwa PCR kila benki ya seli.

Dalili ya 10: Damu inaganda baada ya kuunganishwa

Kuanzia hapa usifanye peke yako. Kuunganisha mishipa ni kazi ya daktari wa upasuaji wa kutumia hadubini akishirikiana na daktari wa wanyama, chini ya kibali cha kamati ya maadili. Kwa binadamu, hakuna tishu ya ini iliyochapishwa ambayo imeidhinishwa kuwa tiba ya kawaida. Nje ya jaribio la kitabibu lililosajiliwa, jibu ni hapana, hata mgonjwa akiomba.

Kabla ya mnyama yeyote, pitisha damu yenye heparini (dawa ya kuzuia kuganda) kwenye tishu maabara na uangalie. Visababishi vya donge, kwa mpangilio: utando wenye mapengo, ambapo chembe sahani hukutana na kolajeni tupu; mshono uliochana jeli, kwa kuwa jeli haishiki uzi, na dawa yake ni kipande cha mshipa au mrija uliounganishwa tangu kuchapa; kona kali na mifereji isiyo na mlango wa kutokea ambamo damu husimama; na endotoksini (sumu ya kuta za bakteria), ambayo gelatini ya kawaida huwa nayo tele. Nunua gelatini yenye endotoksini ndogo na uthibitishe kwa kipimo cha LAL. Marekani, kikomo kwa kifaa kinachopandikizwa ni yuniti 20 kwa kifaa kimoja.

Tishu ikitolewa, isitupwe. Ihifadhi kwenye formalini ikiwa na maungio yake yote, na uikate kuanzia mlangoni. Donge linaloanzia kwenye mshono ni suala la daktari wa upasuaji na umbo la maungio. Linaloanzia katikati ya mfereji uliotandwa nusu linarudi kwako, kwenye dalili ya 7.